Mikoba Langoni

Ayacucho, 4 Mei 2004

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba goti limepoa na kikohozi cha Lima kimekuachia. Mimi ni mzima. Mitihani ya sheria inanitafuna, ila haijanimeza.

Barua yako imeninyima raha. Unaniarifu, tena kwa furaha, kwamba umenunua mkoba wa plastiki inayoonyesha ndani, ili mlinzi wa lango la mtaa huo wa matajiri asitumbukize mkono wake kila jioni utokapo kazini. Mama! Miaka kumi na tisa unawapikia watu hao, unawalelea watoto, unashika funguo za nyumba yao. Na bado unapekuliwa kama mwizi. Nani amewahi kuwapekua wao? Dhuluma haihitaji kiboko pale anayedhulumiwa anapojinunulia mwenyewe mkoba wa kuirahisishia kazi. Nakusihi: kataa.

Mwanao,
Nélida

Lima, 19 Mei 2004

Nélida binti yangu,

Pokea salamu za mama. Goti linauma asubuhi tu. Wewe unakula? Supu ya viazi usiiache, huko baridi.

Umenichapa kweli, mtoto wewe! Maneno makubwa kama ya bungeni. Lakini sisi wafanyakazi wa ndani wote tunapekuliwa, ni kawaida. Hata Fortunata, asiyekosa misa, kanunua mkoba kama wangu. Na mlinzi Wilmer hana ubaya, anatutania tu: "Haya mama zangu, onyesheni hazina!" Nikikataa, kesho sina kazi, nawe masomo yatakwama. Soma, mwanangu. Hayo mengine yaache.

Mama yako,
Eudocia

Lima, 17 Juni 2004

Nélida wangu,

Usihofu kwa kimya changu. Ni mzima, hata goti nimelisahau.

Barua yako nilikuwa natembea nayo mkobani. Jumatatu Wilmer kaiona, kaichomoa. "Kumbe mama ana mpenzi!" Akaisoma kwa sauti, foleni nzima ikicheka. Alipofika pale pa funguo za nyumba, kicheko kikakatika. Akataka kuikunja. Fortunata akamwambia, "Maliza, ndugu yangu. Si umeanza mwenyewe?" Akaisoma mpaka jina lako.

Kesho yake hakuna aliyefungua mkoba. Wanawake kumi na wanne tulisimama katikati ya lango, magari ya mabwana yanayorudi yakitupigia honi. Bi Mercedes, tajiri yangu, akashusha kioo: "Eudocia, unaficha nini?"

"Sifichi kitu, bibi. Ndiyo maana sifungui."

Wilmer akatupisha, macho chini.

Sasa kamati ya wenye nyumba imetuita Jumamosi. Huenda wakatufukuza sote. Wenzangu wamesema hawarudi nyuma, nami sirudi. Kazi ikienda, mikono ninayo. Ada yako tutaitafuta kwingine.

Najua utataka kupanda basi. Usipande. Hotuba yako tumeshaisikia, tena kwa kinywa cha mlinzi. Kaa ufanye mitihani. Jumamosi nasema mimi.

Mama yako,
Eudocia