Natalia kwenye madaftari mawili

Shani, acha unachofanya usome hii.

Leo kazini nimefuta orodha ya wakulima kwenye seva kubwa kwa bahati mbaya. Seva ya akiba nayo ikafuta, maana kazi yake ni kuiga. Nilikuwa namsimulia mama. Baba yupo pembeni anapukuchua mahindi, nikadhani hasikii.

Akaacha kupukuchua, akaliweka gunzi chini.

Kumbe mwaka 84 alikuwa karani wa mgawo wa chakula hapa Bagara. Daftari moja ofisini, lingine dukani, na kila Jumamosi anayalinganisha. Jina likikatwa ofisini, analikata na dukani.

Siku moja alikuwa anakata familia iliyohamia Bonga. Rula ikashuka mstari mmoja. Akamkata Natalia, mjane wa watoto watatu. Halafu akaenda dukani akamkata na huko. Kwa mkono wake mwenyewe, Shani.

Natalia akaja na mfuko kuchukua unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Baba akamwambia, "Mama, humo." Akamwomba atazame daftari la pili. Akatazama. "Humo."

Alirudi Jumamosi tatu. Humo.

Ya nne hakuja na mfuko. Alikuja kusema mtoto wake mdogo amefariki, kama jina la mtoto bado lipo mahali, likatwe.

Baba akaniuliza, "Hiyo mashine ya pili, kabla ya kufuta, ilikuuliza kama una uhakika?"

Nikamwambia haiulizi.

"Hata mimi sikuuliza."

Ameokota gunzi lile lile. Anapukuchua hadi sasa, na halina hata punje.