Ubani Katika Banda la Farasi

Kamembe, Ijumaa

Mama yangu,

Assalaam aleikum. Magoti yanakuruhusu kusimama katika sala? Na Dada Zuhura, homa imemwacha? Mimi mzima, ila uso umevimba. Sababu nakueleza wewe tu, usiwasomee majirani huko Ujiji.

Yule farasi mwekundu ninayemtunza kwa patroni, tajiri wangu wa kazi, kifua chake hakipatani na vumbi la nyasi kavu. Anakohoa mpaka mbavu zinacheza. Jumatatu daktari wa wanyama, mama mmoja wa Bukavu, alivuka mpaka kuja kumpima mapafu. Anamfunga farasi kitu kama ndoo puani, chenye mpira unaokwenda kwenye mashine, na mashine inachora pumzi inavyopita. Patroni alishasema: mapafu yakiwa mabovu, risasi.

Nikaogopa, Mama. Kabla daktari hajaingia nikasoma dua, nikawasha ubani wako katika chetezo ulichonipa. Banda likajaa moshi. Innocent, mwenzangu wa kazi, akacheka: "Papa Idi, unamuzika na hajakufa?"

Walipomfunga ile ndoo, farasi akakosa pumzi. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akavunja mbao za ukuta, akampiga Innocent teke la mguuni. Nilisikia mfupa. Damu ikaruka hadi kwenye mashine, na mstari wake ulikuwa umelala kabisa, kama wa mapafu mabovu. Patroni akamchapa farasi fimbo za uso mpaka jicho moja likaziba, halafu akachukua bunduki.

Nikasimama katikati. "Patroni, ni mimi. Ni moshi wangu."

Fimbo zikahamia kwangu, mdomoni, shingoni. Daktari ndiye aliyemshika mkono. "Patron, acha. Hii kipimo ni ya moshi, siwezi kuiandika. Kesho tutapima inje."

Kesho yake tukampima uwanjani, upepo wa ziwa ukivuma. Mstari ukapanda kidogo. Hajapona, lakini ataishi, mradi nyasi zake nizilowanishe kwanza.

Innocent yuko hospitali, mguu umetiwa vyuma. Nilimwomba msamaha, akageukia ukutani. Kila alasiri nampelekea uji. Anakunywa, kisha anageukia ukuta tena.

Nisalimie Dada Zuhura, na Mjomba anayesomesha madrasa. Mwambie auombee mguu wa Innocent, amtaje kwa jina.

Chetezo chako nakirudisha na huyu mama mfanyabiashara anayekuletea barua hii. Usidhani nimekataa baraka zako. Hapa nitaomba kwa mdomo tu, hivi hivi ulivyopasuka.

Mwanao,
Idi