Picha ya Ngazi ya Moshi

Jumamosi, 6 Oktoba 1934

Nimekwenda tena mtaa wa Dunda, kwenye ghala la mfanyabiashara Jivraj, kutazama sinema. Picha ni ile ile. Mchota maji anapanda ngazi ya moshi mpaka kwenye nyumba ya jini, mawinguni, kumrudisha dada yake. Sasa naijua kama njia ya kwetu Urambo. Picha yenyewe haisemi. Jivraj anaweka santuri ya mwanamke wa Kihindi anayeimba kama analia. Ikiisha anaigeuza. Ikiisha anaigeuza tena. Kila Jumamosi ni huyo huyo.

Wiki nzima nimekwangua chumvi. Jua juu, chumvi chini, weupe mtupu. Macho yanawasha kama yametiwa pilipili. Mle ghalani, gizani, yanapoa. Nakaa mbele kabisa, mkekani, na kwa muda ule mimi si mtu wa machumvini. Mimi ndiye ninayepanda. Dawa nyingine sina.

Mwinyimvua alikaa karibu yangu. Tunafanya kazi pamoja, yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi – watani. Tunatukanana tangu enzi za babu zetu na hakuna kukasirika. Akasema ningekuwa mimi, ngazi ile ningejitwisha kichwani mpaka Tabora, maana Mnyamwezi akiona kitu kirefu anadhani ni mzigo. Nikamjibu kwamba Mzaramo angelala kwenye kipago cha kwanza, amsubiri jini amletee chai. Watu wakacheka sana. Nami nikacheka.

Jumapili, 7 Oktoba

Jana kuna jambo sikuliandika.

Yule dada ana kidoti shavuni. Mwezi wa Agosti nilikiona vizuri. Jana sikukiona. Wala meno ya jini sikuyaona, wala shanga zake. Picha haibadiliki. Basi kilichobadilika ni nini?

Jumatano, 10 Oktoba

Bi Mize, mwenye nyumba ninayokaa, ameniosha macho kwa chai baridi. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeelekea mlangoni, naye alikuwa ameketi upande wa jikoni. Akaitikia, marahaba mwanangu. Akasema nirudi kwetu wakati bado naiona njia.

Nirudi nikafanye nini? Kaka yangu amekufa. Mama ana mimi tu. Mtu asiyeweza kutenga mche na gugu atamlimia mama yake nini? Heri nimalize msimu hapa, nirudi na chochote mkononi.

Lakini nyapara Seleman hana huruma kwa tope. Ukikwangua mpaka chini, tope likaingia kwenye chumvi, unafukuzwa siku hiyo hiyo. Mzee mmoja aliondoka hivyo mwezi uliopita. Mimi sasa nakwangua kwa masikio. Jembe kwenye chumvi linalia. Kwenye tope linanyamaza. Nikisikia linaanza kunyamaza nalinyanyua. Mpaka leo halijanidanganya.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimerudi.

Nilikaa pale pale mbele. Santuri ikaanza, mwanamke akaanza kulia kwake. Karibu yangu walikaa wageni, watu wa Msata, hawajawahi kuona sinema. Nikawaeleza. Sasa anamwaga mtungi. Sasa moshi unatoka. Tazameni, ngazi hiyo, anapanda. Watu wakaanza kucheka. Nikadhani nawafurahisha, nikapaza sauti. Dada yuko dirishani, anapunga kitambaa.

Mtu mmoja nyuma akasema, kaka, unatazama picha gani? Hii ni ya mfalme na farasi wake. Ile ya moshi Jivraj ameirudisha Unguja.

Ghala zima likaangua kicheko. Walidhani Mnyamwezi anafanya utani wake.

Wallahi niliiona ngazi. Niliviona vipago vyake. Sikuwa nasema uongo.

Mwinyimvua hakucheka. Njiani nilingoja anianze. Hakuanza. Nikamwita mvivu, nikamwita mla nazi za wizi, nikataja mpaka babu yake. Kisha akasema, shika bega langu ndugu yangu, hapa pana shimo.

Ndugu yangu. Tangu tujuane hajaniita hivyo.

Jumapili, 14 Oktoba

Amekuja na uji asubuhi. Nikamwambia uji wa Wazaramo hata mbwa wa Tabora hanywi. Akasema, sawa, kunywa kabla haujapoa. Akaketi mpaka nikamaliza.

Usiku sikulala. Macho nilikuwa nimeanza kuyazoea. Upole wake ndio sijui niuweke wapi.

Jumatatu, 15 Oktoba

Naandika haya bandani, saa ya mapumziko, kwa kufuata kidole.

Habari ya Jumamosi imemfikia Seleman. Asubuhi alicheka na wenzake, kumbe Mnyamwezi ni mchekeshaji. Halafu akaacha kucheka. Akasema adhuhuri atakuja mwenyewe kwenye jaruba langu, kile kipande cha chumvi nilichopewa, anione nikikwangua.

Mwinyimvua amebadilishana na mwenzake, sasa jaruba lake linapakana na langu. Anasema atakohoa nikikaribia tope. Nikamwambia kukohoa hakutoshi. Seleman akija, nitukane. Nitukane sana, mbele yake, useme Mnyamwezi huyu alifanya mzaha mpaka akaharibu sinema ya watu. Wewe ukinicheka, ataamini ulikuwa mzaha. Ukinionea huruma, nimekwisha.

Akasema ataweza. Nikamwambia ajaribu sasa, nimsikie. Akaanza, we Mnyamwezi, we mbeba mizigo – sauti ikamkatika. Akasingizia vumbi. Vumbi gani machumvini?

Nikamwambia arudie. Akarudia, ikakatika pale pale.

Makubadhi ya Seleman yako juu ya tuta, nayasikia. Ameshika njia ya huku. Mwinyimvua amesimama karibu nami, pumzi zake nazisikia pia.

Namngoja anitukane.