Moto wa Mama Egidi

Usoke, Jumanne

Dada yangu mpendwa Apolinaria,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini miguu imepungua kuvimba na mtoto bado anacheza tumboni. Simu yako haipatikani tangu Jumapili, ndiyo maana nimempa jirani yetu Reveriani barua hii, maana anapanda treni kuja Tabora. Sisi tu wazima, ila kichwa changu hakiko sawa.

Ulipokwenda kulazwa ulinisisitizia jambo moja: mwanao Egidi asisogelee moto. Nimezungushia mafiga matofali, kiberiti nimekificha juu ya kabati, na kila nikimaliza kupika namwaga maji mpaka jivu linakuwa uji. Lakini dada, nikirudi kutoka kisimani nakuta makaa yanawaka!

Nilimshuku Mama. Aliapa kwa rozari yake kwamba hajagusa, kisha akaniuliza kama nimeanza kusahau ninayoyafanya. Shemeji Wilbroad, anayeshinda kwenye bani akichochea moto wa kukaushia tumbaku, alicheka akasema huenda nimepata mchumba jini. Mimi sikucheka.

Jana mchana Egidi alikula ugali kwa mkono wa kushoto. Nilimgombeza, akakataa kubadili, nikamfungua ngumi ya kulia kwa nguvu. Kiganja kimebabuka, dada. Nilimkimbiza zahanati, wakamfunga bandeji, wanasema atapona.

Kumbe ni yeye. Baba yake akisinzia kule bani, anachota makaa kwa kigae na kuyaleta jikoni. Nilipomwuliza kwa nini, alilia akasema Bibi alimwambia moto wa mama usipozimika, mama atarudi. Mama amekiri kwamba alisema hivyo siku uliyoondoka, ili kumnyamazisha tu. Sasa hatoki chumbani kwa aibu.

Leo asubuhi nilimwaga maji, mtoto akapiga kelele kwamba nimemuua mama yake. Nikawasha. Nikazima. Nikawasha tena. Mimi hanisikii. Tafadhali azima simu ya mtu hapo wodini, mpigie Shemeji, umwambie mwanao kwa sauti yako kwamba utarudi hata jiko likiwa baridi.

Usinicheke, dada, lakini kwa jinsi simu yako ilivyo kimya, na mimi sasa naogopa kuuzima moto huu. Nimekaa kati ya mtoto na moto, mgongo unaungua.

Mama na Shemeji wanakusalimu sana. Mungu akulinde huko uliko.

Mdogo wako akupendaye,
Mektilda