Macho Makavu ya Wifi Dafroza

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimefika Butiama kutoka Bunda kwa ajili ya kikao cha Jumamosi. Arobaini ya kaka Mugeta imepita. Baba mdogo Wanzagi anataka mambo yaishe: Dafroza, mke wa marehemu, arudi kwao Murangi. Watoto wabaki kwetu.

Sababu kila mtu anaijua, hakuna anayeitamka mbele yake. Hakulia. Siku ya mazishi alikaa pembeni ya jeneza la mumewe macho makavu. Mimi nililia mpaka nikashikiliwa. Yeye — hata tone.

Mama anasema mwanamke asiyemlilia mumewe anajua kilichomuua. Sijui niamini nini.

Jumanne, 4 Juni

Nimemkuta Dafroza nyuma ya jiko anasukutua. Nikauona mdomo wake. Ulimi mweupe kama umepakwa mtindi, pembeni unatoka damu. Fangasi. Nilikuwaga naona kwa watoto wachanga tu, sio kwa mtu mzima. Nikawaza kile ambacho kila mtu angewaza, na yeye akakisoma usoni kwangu.

"Nimepima, wifi," akasema. "Sina."

Nikamwambia tutaenda hospitali Musoma. Akauliza kama mama atakubali. Nikasema hatumuombi ruhusa.

Alhamisi, 6 Juni

Musoma. Tumelala kwa rafiki yangu Helena. Niandike kabla sijasahau.

Wamempima tena. Virusi hana. Sukari hana. Daktari wa kinywa, mama wa makamo, akamkanda shavu kwa nje, akasubiri mate yatoke. Hayakutoka. Akauliza, "Na macho yako?" Dafroza akasema yanachoma kama yana mchanga, miaka sasa.

Tukapelekwa chumba cha macho. Wakamwekea vikaratasi vyembamba kwenye kope za chini, machozi yavilowanishe. Tukangoja. Vilitoka vikavu kama vilivyoingia.

Yule daktari wa kinywa akatueleza taratibu. Kwenye mate na machozi ya binadamu kuna protini zinazopigana na fangasi, mwili unazitengeneza wenyewe. Nyingine zinawaua, nyingine zinawanyima madini ya chuma wasizaliane. Laktoferini — hilo jina nimelishika, mengine yamenipita. Fangasi hao wanaishi midomoni mwa watu wengi tu, na hizo protini zinasaidia kuwazuia. Sasa mwili wa Dafroza unashambulia tezi zake wenyewe. Mate hakuna, ulinzi hakuna.

Nikauliza, "Na kulia je?"

"Analia kama wewe," daktari akasema. "Ila hakuna kinachotoka."

Nikageuka. Dafroza alikuwa anaangalia sakafu, mabega yanamtikisika. Hivyo hivyo ndivyo yalivyokuwa yanamtikisika kaburini. Tulisema anasikia baridi. Mungu wangu — alikuwa analia!

Ijumaa, 7 Juni

Tumerudi. Dawa ya kusukutua, matone ya macho.

Jumamosi, 8 Juni

Kikao kimeanza baada ya chai. Nikasimama nikaeleza yote, mate, machozi, zile protini. Kisha baba mdogo Wanzagi akasema hayo ni ya kitabuni. Mtu asiye na mate wala machozi, huyo mtu gani? Jirani mmoja akacheka kidogo.

Mama hakucheka. Aliinuka, akamsogelea Dafroza.

"Fungua mdomo."

Dafroza akafungua. Mama akaangalia, muda mrefu.

"Umeanza lini hivi?"

"Kabla Mugeta hajaugua, mama."

"Yeye alijua?"

"Alijua. Ugali ulikuwa haushukagi, alikuwa ananilowanishia kwa mchuzi mwenyewe. Nilimkataza asiwaambie. Niliona aibu."

Nimemwangalia mama. Tangu msiba sijawahi kumuona na uso ule. Mwanawe, aliyekuwa akimwambia kila kitu, alikaa na hilo miaka yote. Mama aligeuka. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Sasa ni mchana. Baba mdogo bado yuko kwenye kiti chake, anasema bila neno la mama hatuwezi kufunga kikao. Wengine wameshaanza kuaga. Dafroza alikuwa hapa jikoni na mimi, anachambua mchele, begi lake limeshafungwa liko mlangoni. Nimemuomba msamaha. Ameendelea kuchambua.

Mama ameita sasa hivi. Nikainuka, nikajua ni mimi. Sio mimi. Amemwita Dafroza, kwa jina, mara ya kwanza tangu msiba.

Dafroza ameenda. Mlango umefungwa tena. Baba mdogo ananiuliza kutoka kitini kwake wanaongea nini humo, na mimi sisikii sauti yoyote.