Udongo wa Mekoni

Mwezi mwandamo, majira ya kuchuma zabibu

Kwa kaka yangu mpenzi Bilosi, huko Gadiri,

Salamu nyingi. U hali gani, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi ni wazima wa mwili. Herufi hizi ulinianzishia wewe, na sasa Bi Arishati, mke wa mfinyanzi wa Kifoinike, ananimalizia mafunzo. Basi naahidi kukueleza yote, hata lile ambalo sijamwambia mtu.

Kaka, ukirudi hutakitambua kijiji chetu cha mlimani. Tangu Wafoinike wajenge tanuri zao mlangoni mwa mto, watu wanashuka, nyumba baada ya nyumba. Juzi ameshuka Shangazi Stena, jiwe lake la kusagia likiwa mgongoni mwa punda. Alimwambia Mama abaki salama na popo, ni majirani wema, hawaombi chumvi. Moshi unaofuka huku juu sasa ni wetu tu.

Baba naye amejenga kule chini, nyumba ya pembe kama za wageni. Alinituma nimwambie Mama kwamba pembe ziko nne, achague ya kununia. Mama akanirudisha na jibu: mtu aliyeshindwa kuezeka nyumba ya duara asimletee majigambo ya pembe. Nilicheka njia nzima, kisha nikalia, maana kila mmoja, baada ya kejeli zake, aliniuliza kama mwenzake anakula vizuri.

Unajua kinachomzuia Mama kushuka. Mdogo wetu aliyefariki kabla ya kuota meno amelazwa chini ya sakafu, kando ya meko, na Mama husema mtoto wa namna hiyo haachwi katika nyumba isiyo na moto. Baba alikubali ahamishiwe kwake. Basi tukachimba, Mama na mimi, kwa mikono. Kaka, hatukukuta hata mfupa mmoja. Tulikuta ile shanga ya buluu uliyomfunga, na udongo mweusi, laini. Mama aliifunga shanga kwenye pindo la nguo yake, akasema basi mtoto amekuwa sakafu, na sakafu haibebwi. Akaniambia nifukie, akatoka nje.

Sasa soma polepole. Sikufukia kwa udongo ule. Niliutia wote katika kikapu cha chumvi, shimo nikalijaza udongo wa shamba la dengu, nikashindilia. Kesho yake, nikienda kwa Bi Arishati, niliumwaga kwenye tope la sakafu mpya ya Baba, pale meko yatakapokaa. Baba akaukanyaga pamoja na makapi huku akiimba. Hajui. Na Mama bado hukaa kando ya meko, kiganja juu ya udongo wa dengu, akinong'ona. Kumbe mtoto wake yuko mtoni, anangoja moto.

Nilitaka tu sote tulale chini ya paa moja. Lakini nikifumbua kinywa, huenda Mama akashuka siku hiyo hiyo, au huenda asiniite tena mwanangu.

Baba anakusalimu sana. Bi Arishati pia, anasema herufi zako zinapepesuka kama walevi. Mama amekufungia tini kavu, zile kubwa. Nahodha anayekuletea barua hii atarejea huku kabla ya mvua. Ni mimi mdogo wako, Unina, ninayekuuliza: utapanda naye tumwambie Mama pamoja, au nimwambie peke yangu?