Duka Jipya la Bati

Arusha, Agosti 1912

Dada yangu Siwema,

Shikamoo. Sisi wazima, ila baridi ya Meru mwaka huu imetushika vifua. Kanga ulizotuma kutoka Pangani zimefika, na mke wangu Batuli hataki kuzivua.

Umesikia kwamba duka langu liliungua, na kwamba nimejenga jingine la bati. Ni kweli. Nilikuwa nimelikatia bima, na wenye bima wamelipa. Lakini karatasi yao ilisema hawatalipa iwapo mwenye duka mwenyewe ameweka mafuta ya taa ndani, nami nilikuwa nimeficha madebe matatu nyuma ya magunia ya unga. Wakala wao, Mdachi, alipoyaona kwenye majivu akauliza, "Nani aliyaingiza haya?"

Nikasema, "Lemburis."

Huyo ni Mwarusha aliyekuwa akinibebea mizigo, mtu mzima mwenye wajukuu. Walimpeleka bomani wakamchapa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Nami niliitwa nishuhudie. Nilisimama nikitazama viatu vyangu.

Juzi alikuja dukani, akitembea kwa shida. Akaniambia, "Kila kiboko kiliposhuka nilikuangalia wewe. Nilidhani utasema."

Nilimpimia chumvi, nikamwambia achukue bure. Akaiacha pale mezani, akaenda zake.

Dada, mama akilisifu duka langu mbele ya majirani, mnyamazishe. Sababu usimwambie.

Mdogo wako,
Mbaruku